Kamera Kichwa Chini

4 Mei, Jumatatu

Dada kanipa daftari jipya. Niandike dawa za Baba: kidonge kipi, saa ngapi, kala nini, kalala vipi. Daktari atauliza. Dawa nimeziandika kurasa za nyuma kwa mwandiko wa kuku, huyo daktari atajijua mwenyewe. Kurasa za mbele ni zangu. Kichwa kama changu hakiwezi kuishia kuhesabu vidonge.

Kwa wasionijua, ambao ni wachache: mimi ndiye mpiga picha wa studio ya Fundi. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, hatukugombana. Mtaani wananiita Redio. Wanaume wanasema ni kwa sababu sizimiki. Wasichana wanasema ni kwa sababu ya sauti yangu. Mimi nawaamini wasichana.

Fundi mwenyewe ni Baba. Mtaa huu hakuna sura iliyo kwenye kitambulisho ambayo haikupita kwanza mbele ya lenzi yake. Tangu kiharusi kimpige, upande wake wa kulia umelala wote: mkono, mguu na nusu ya mdomo. Kuzungumza anazungumza, lakini maneno yanaingia moja moja, kama wateja siku ya mvua. Mimi napiga picha, yeye anakaa kwenye kiti chake cha magurudumu kando ya pazia la bluu na kunikosoa kwa macho.

Leo kakosoa kwa mdomo. Mama mmoja alipotoka tu, Baba akasema, "Kidevu."

"Kimefanya nini, Mzee? Kidevu ni chake, kaja nacho."

"Juu mno."

Nikatazama kwenye kamera. Kweli kilikuwa juu mno. Sikumwambia.

5 Mei, Jumanne

Dawa kanywa. Mvua. Mteja mmoja, mtoto, kalia kwenye picha zote.

7 Mei, Alhamisi

Kasuku wamekuja. Kila mwaka makuyu yakiiva nyuma ya kile kiwanda cha matofali kilichokufa, wanapita juu ya paa letu alfajiri wakipiga kelele kama watu waliochelewa harusi. Wa kijani, na utosi wa rangi ya chungwa kama waliochovywa kwenye rangi kwa bahati mbaya.

Baba alikuwa mlangoni anakunywa uji. Akashusha kikombe, akainua mkono wa kushoto juu, akasema, "Nataka."

"Nini, Mzee? Sukari?"

"Kasuku. Anakula." Akapumzika. "Mmoja tu. Mimi mwenyewe."

Hili si jipya. Miaka yote alikuwa akisema siku moja atafunga studio akawapige kasuku wakiwa kwenye mkuyu. Lakini msimu wa makuyu ndio msimu wa picha za wanafunzi, basi kila mwaka anasema mwakani. Mwakani, mwakani, mpaka kiharusi kikamkuta anaweka filimu kabatini.

Dada alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata uso. "Kwa mkono upi, Baba?"

Likishatoka neno halirudi. Dada akaona alichosema, akaacha mchele. Baba bado alikuwa ameinua ule wa kushoto.

"Huu," akasema.

10 Mei, Jumapili

Nimemsukuma mpaka kiwandani. Njia yenyewe ni mawe na madimbwi, kiti kinarukaruka, Baba anaguna. Nikamwambia atulie, dereva ana leseni. Akasema, "Ya ng'ombe."

Mlinzi wa kiwanda analinda geti ambalo ndani yake hakuna cha kuibiwa. Alipomwona Baba akasimama wima. "Fundi! Karibu, Fundi! Picha yangu ya kazi ulipiga wewe, ndiyo nikapata kazi." Halafu akanitazama mimi. "Na hili spika umeleta la nini?"

Mkuyu uko nyuma ya tanuru la zamani. Nilidhani tutawasikia, maana angani wale ndege wana kelele kuliko mimi. Lakini wakishatua mezani hawasemi. Kimya kabisa. Unachosikia ni makapi yanadondoka: tap, tap, juu ya majani makavu. Unainua macho huoni kitu, jani limefanana na kasuku na kasuku kafanana na jani. Kisha jani moja linageuza shingo.

Baba akashindwa. Kamera imetengenezwa kwa ajili ya watu wa mkono wa kulia, kitufe kiko kulia, na wa kulia wake umelala mapajani kama mgeni. Alijaribu kupitisha mkono wa kushoto juu ya kamera, ikamteleza, nikaidaka ikiwa karibu na jiwe.

Nikasema, "Basi wewe lenga, mimi nibonyeze."

"Na kula," akasema, "unitafunie?"

Tukarudi.

13 Mei, Jumatano

Dawa kanywa. Siku nzima Baba kakaa na kamera mapajani bila kusema. Nilidhani kakata tamaa. Jioni, nikiwa nafagia, nikasikia klik. Nikageuka. Ameigeuza kamera kichwa chini! Ukiigeuza, mkono wa kulia wa kamera unakuwa wa kushoto, kitufe kinakuja chini, na kidole gumba kinakifikia. Kwa kuwa haiwezi kusimama kwa kichwa, ameilaza juu ya mto wake wa kichwani.

Nikatazama kwenye kioo cha kamera. Kanipiga mimi nafagia, miguu juu, fagio juu, dari chini. Kamera hii yake ni ya zamani, haina akili ya kujua juu na chini, inachoona ndicho inachoandika.

"Mzee, umenitundika kama popo."

"Afadhali," akasema. "Popo hasemi."

Lazima niandike ukweli hapa: mimi nisingewaza hilo. Labda ningewaza, lakini baadaye.

17 Mei, Jumapili

Badala ya mto tumechukua mfuko wa mchanga, mlinzi katushonea mwenyewe. Tunaulaza juu ya ndoo iliyopinduliwa, kamera inalala juu yake kichwa chini, Baba anainama. Picha za leo: majani, mbingu, majani, sikio la mlinzi, majani. Zote miguu juu. Kasuku hamna.

Lakini kaona kitu ambacho mimi mwenye macho mawili mazima sikukiona. Kasuku akila, anasimama kwa mguu mmoja, ule mwingine anaushikia kuyu, analizungusha mdomoni kama mtu anayeonja. Na karibu wote wanashika kwa mguu wa kushoto.

Baba akanionyesha kwa kidole. "Wenzangu."

Mlinzi kacheka mpaka kofia ikamdondoka. Kasuku wote wakaruka.

21 Mei, Alhamisi

Dawa kanywa. Baridi. Anakohoa.

24 Mei, Jumapili

Tumekwenda, tumerudi, majani matupu. Anapoona ndege na kidole kinapokwenda, katikati hapo kuna safari. Kidole chake cha kushoto kimeishi miaka yote bila kazi, leo anakiambia kikimbie. Ndege haoni sababu ya kumsubiri.

Dada alikuwa mlangoni anatungoja, mikono kiunoni. Hakumgombeza Baba, kanigombeza mimi. "Unamtoa mgonjwa nje kwenye umande, ukungu kila mahali, unataka nini? Unataka kwenda kuwasimulia vijana wenzako kwamba unamtembeza baba yako?"

"Kataka mwenyewe."

"Mtoto naye anataka kisu, unampa?"

Baba akasema, "Mimi si mtoto." Likatoka bovu, kila herufi imelowa. Ndiyo ikawa mbaya zaidi. Dada akaingia ndani kumtafutia fulana kavu, na kwa jinsi alivyokuwa anafungua na kufunga kabati nilijua analia.

Dada ana kichwa kigumu, nimekwisha sema hilo kwa watu wengi. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeona kwamba anaogopa tu.

27 Mei, Jumatano

Upepo. Makuyu yanaanguka yenyewe. Mlinzi anasema zikipita wiki mbili za upepo huu, kasuku wanahama. Baba kasikia.

30 Mei, Jumamosi

Ya leo nitaiandika polepole.

Dada alikwenda kazini mapema, tukatoka. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya tanuru kama maziwa. Nilimpanga Baba vizuri: blanketi, ndoo, mchanga, kamera kichwa chini, kidole gumba kwenye kitufe. Kasuku walikuwa juu kabisa, kwenye makuyu ya mwisho. Tunasikia makapi tu.

Baba akakohoa, wakaruka, wakazunguka, wakarudi. Akakohoa tena. Mara ya tatu alikishika kile kikohozi ndani kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka, na kasuku hawakuruka. Nikasema moyoni, Mungu, mpe huyu mzee mmoja tu. Sikuomba kingine.

Lakini kile kidonge cha asubuhi kinalewesha. Nikaona kichwa kinashuka, kidevu kinagusa kifua, kidole kinateleza kwenye kitufe. Kalala.

Hapo ndipo yule akashuka. Mmoja, tawi la chini kabisa, karibu mno hata wasiwasi ukanishika. Kuyu kalishika mguuni kama mtu aliyeshika kikombe cha chai na hana haraka. Akaling'ata, akanitazama kwa jicho moja, juisi imemchafua mdomo. Jua nalo likapasua ukungu wakati huohuo, likampiga utosini.

Ningemwamsha Baba, ndege angeondoka. Nisingemwamsha, ndege angeondoka. Na mimi sikuwaza hata moja kati ya hayo. Nilifanya kile mkono unachofanya. Niliinyanyua kamera, nikaishika ilivyoumbwa kushikwa, nikabonyeza mara moja.

Kabla sijashusha pumzi nilijua. Nimejisifu mambo mengi katika maisha yangu, mengi yake ya uongo, lakini ile picha nilijua.

Nikairudisha kamera juu ya mchanga, kichwa chini, kama nilivyoikuta. Wale ndege wakaruka wote kwa mkupuo, na kelele zao zikamwamsha Baba. Kidole kikarukia kitufe. Klik. Akatazama tawi tupu, akanitazama mimi.

"Nimepiga?"

Ningesema hapana. Neno lenyewe ni fupi.

"Umepiga, Mzee."

"Iko?"

"Iko."

Akainua ule mkono wa kushoto akauweka kichwani kwangu, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo, akauacha hapo. Sijawahi kubeba kitu kizito kama kile.

1 Juni, Jumatatu

Nimeichapa kubwa, nikaitundika studio juu ya kioo cha wateja kuchania nywele. Kila anayeingia anauliza. Baba anajigonga kifuani kwa mkono wa kushoto.

3 Juni, Jumatano

Dawa kanywa bila kusukumwa. Dada kapita studio kutoka kazini, kaitazama picha, kacheka, kambusu Baba kwenye utosi. Sikumbuki ni lini nilimwona akicheka. Akaniambia, "Na wewe, asante kwa kumpeleka." Nikajibu kwamba mimi ndiye mwana bora katika historia ya wana. Kila kitu kilikuwa kama kawaida yangu, isipokuwa nilikuwa naipa ile picha mgongo.

6 Juni, Jumamosi

Studio ilijaa wanafunzi wa picha za vitambulisho. Mmoja nimemkalisha mbele ya pazia, mabega sawa, kidevu sawa, nimemwambia asipumue. Baba akasema, "Kamera." Ile yake, ya zamani. Mimi napiga kwa ile nyingine ya vitambulisho, mdomo nao unafanya kazi yake, nikampa bila kufikiri.

Nikamsikia anapekua kwa kidole gumba. Tik. Tik. Tik. Kisha hakuna tik.

"Mwanangu."

Nikaenda. Akanionyesha. Majani kichwa chini. Mbingu kichwa chini. Majani kichwa chini. Halafu yule kasuku, wima, sawasawa kama askari kwenye gwaride. Halafu tawi tupu, kichwa chini.

Kwenye karatasi ukishachapa unaigeuza unavyotaka, hakuna anayejua. Kwenye kamera nilisahau. Mimi, fundi mkubwa, niliishika vizuri mno.

"Huyu," Baba akasema, "kasimama."

Mdomo wangu haujawahi kuniangusha, ukaleta jibu papo hapo. "Si unajua wanavyokula, Mzee, saa nyingine wananing'inia miguu juu. Alikuwa ananing'inia, basi kamera ikamgeuza."

Baba akaitazama picha tena, akaipa nafasi ya haki kabisa.

"Na mti?" akauliza. "Nao uling'inia?"

Nikasema, "Nitaifuta. Sasa hivi naifuta." Nikanyoosha mkono. Akaiondoa kamera.

"Usifute." Akavuta pumzi. "Nzuri." Nikaona nusu ya mdomo wake iliyo hai inatafuta neno, na ile nyingine inakataa kusaidia. "Ndiyo... inauma."

Yule mwanafunzi mbele ya pazia alikuwa bado hajapumua. Akauliza, "Kaka, tayari?"

7 Juni, Jumapili

Dawa kanywa.

8 Juni, Jumatatu

Dawa kanywa.

10 Juni, Jumatano

Dawa kanywa. Ameomba kiti chake kigeuzwe. Anakaa anatazama mlango, si ukuta.

13 Juni, Jumamosi

Leo kazungumza. "Kesho. Mkuyu."

Dada kasema hapana, na ile hapana yake haina mlango wala dirisha. Kifua kinakoroma, daktari kasema abaki ndani, na picha si ameshaipata? "Ile ukutani ni nini, Baba? Unataka nini tena?"

Baba akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Ningemwambia Dada palepale na mambo yangekwisha. Nilikuwa na nafasi pana kama uwanja wa mpira, nikaipita.

14 Juni, Jumapili

Dada kaenda sokoni. Nikamtoa.

Manyunyu. Njia ilikuwa imeharibika na kiti kikazama, basi kiti nimekiacha kwa mlinzi, Baba nikambeba mgongoni. Mzee yule aliyekuwa akinibeba mimi na stendi na taa zote mbili, leo ni mwepesi kama koti. Akaninong'oneza sikioni, "Ng'ombe mzuri."

Mlinzi akasema, "Wamepungua, Fundi. Jana nimeona watatu."

Nikampanga chini ya mti, mgongo kwenye ukuta wa tanuru. Ndoo, mchanga, kamera. Nikataka kukaa pale pembeni. Akasema, "Mbali."

Nikaenda mbali, mpaka kwenye rundo la matofali, nikakaa, nikaweka mikono kwapani ili isije ikapata mawazo. Nilikaa hivyo asubuhi nzima bila kusema neno. Mlinzi alikuja kunitazama kama nimezimia.

Nikawa namwona tu kutoka huko. Mzee mmoja ndani ya blanketi, jicho kwenye kamera, hatikisiki. Manyunyu yanamwangukia kwenye shingo. Nilikuwa nikimwona kila siku na sikumwona. Nilidhani anataka picha ya kasuku.

Makapi yakaanza kudondoka. Tap. Tap. Kisha: klik.

Ndege akaruka, peke yake, hakupiga hata kelele. Baba akainua mkono. Nikakimbia.

Picha ni hii: ukungu wa kijani, upande mmoja wa bawa, au pengine jani, na kuyu moja liko hewani linaanguka. Hakuna jicho, hakuna mdomo, hakuna mguu. Mteja angeidai pesa yake. Nikamshikia kamera aone vizuri, nikaigeuza ikae sawa.

Akacheka. Kicheko cha nusu uso, mate yakamtoka, bega la kushoto linaruka. "Mbaya," akasema. Akacheka tena mpaka ikawa kikohozi, kikohozi kikawa kicheko. "Mbaya. Yangu."

Njiani, akiwa mgongoni, akasema, "Ile ya ukutani. Andika jina lako."

"Kesho, Mzee."

15 Juni, Jumatatu

Homa. Dada hasemi nami. Dawa anampa yeye mwenyewe, mimi kaniamuru nisikanyage chumba. Jina sijaandika. Studio sijafungua.

19 Juni, Ijumaa

Baba amefariki asubuhi. Daktari kasema ni kiharusi kingine, si kifua, kingekuja hata angekuwa kitandani. Dada kasikia. Lakini alinitazama kama aliyesikia kitu kingine.

Dawa zimebaki nusu chupa.

22 Juni, Jumatatu

Tumemzika. Watu walikuwa wengi, na nyuso zote nilizijua kutoka kwenye ule ukuta wetu wa picha studio. Niliwatazama nikaona hawana mtu wa kuwaambia wainue kidevu.

Tulivyorudi nyumbani, Shangazi, dada yake Baba, alikuwa ametuma mtu studio alete ile picha ya kasuku. Wameiegemeza sebuleni kando ya picha ya Baba mwenyewe. Watu wakawa wanapita, wanainama, wanatikisa kichwa.

"Mkono mmoja!" Shangazi akawa anasema kwa kila anayeingia. "Tazameni. Mkono mmoja, tena wa kushoto! Kaka yangu alikuwa fundi mpaka siku ya mwisho."

"Jicho lile," mtu akasema. "Mpaka unaona maji ya tunda."

"Ndiyo kazi yake ya mwisho hiyo. Mungu kampa."

Dada alikuwa amekaa sakafuni chini ya ile picha, kaiegemea kwa bega, na usoni mwake mlikuwa na kitu kama utulivu. Nikaona kwamba hicho ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho: kwamba Baba alipata alichokitaka kabla mimi sijampeleka kwenye mvua.

Na Baba alikataa. Alikataa kwa nusu mdomo, kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Kama ningenyamaza, ningemvisha ule uongo na kumzika nao mara ya pili.

Nikasema, "Si yake."

Hawakusikia. Nikasema kwa sauti ya Redio, "Hiyo picha si ya Baba. Niliipiga mimi."

Chumba kizima kikageuka. Nimeota maisha yangu yote chumba kizima kinigeukie.

Dada akainua uso. "Hata leo?" akasema taratibu. "Hata leo, Redio, lazima uwe wewe?"

"Dada, sikiliza. Kamera yake ilikuwa kichwa chini. Hii haiko kichwa chini. Baba mwenyewe alijua, aliniambia niandike jina..."

"Jina lako!" Shangazi akasimama, kanga inamdondoka begani. "Amekufa leo siku tatu, na huyu anataka jina lake liandikwe! Huyu mkimwachia atasema hata jeneza lilikuwa lake."

Nikamtafuta mlinzi. Alikuwa mlangoni, kofia mkononi. "Waambie," nikamwambia. "Wewe ulikuwepo."

"Mimi nilikuwa getini, kijana," akasema, na maskini alitamani kweli angekuwa ameona. "Nilifungua, nilifunga."

Mzee mmoja akanishika mkono, akanitoa nje kwa upole, kama anavyotolewa mlevi. Nikasimama uani karibu na viti vya kuazima. Uongo wangu mtaa mzima umenunua, miaka na miaka, bila hata kupunguziana bei. Ukweli nimeupeleka sokoni mara moja, nimerudi nao.

24 Juni, Jumatano

Nimekwenda kiwandani. Mkuyu mtupu. Chini kumejaa makapi makavu. Nimewangoja, ingawa najua.

27 Juni, Jumamosi

Nimefungua studio. Nimechapa ile ya Baba, ukubwa uleule wa ile nyingine, nimeitundika juu ya kioo. Mteja wa kwanza kaitazama akichana nywele, kauliza kama mashine imeharibika. Nikamwambia akae, ainue kidevu, si sana.

Mchana Dada kaja. Ndiyo mara ya kwanza tangu mazishi. Alikuwa amebeba ile ya kasuku, kaifunga kwenye shuka. Hakunisalimu. Akasimama mbele ya ile mpya, akaitazama muda mrefu, akasogea, akarudi nyuma.

"Hii ndiyo mbovu yako?" akauliza. "Umeona aibu, sasa umetundika yako?"

"Hapana. Hiyo ni ya Baba. Ya Jumapili ile."

Akachukua ile kamera ya zamani mezani, akaiwasha. Dada hajui kamera, alikuwa akibonyeza kwa kidole cha shahada kama anayegonga mlango. Nikamwacha. Tik. Tik. Majani, mbingu, sikio la mlinzi. Nilimwona anainamisha shingo ili azione sawa, kila picha anainamisha. Akafika kwa kasuku, shingo ikanyooka yenyewe.

Akakaa hapo. Akaenda mbele, akarudi nyuma, akaenda mbele tena mpaka kwenye ule ukungu wa kijani wa mwisho. Nje watoto walikuwa wanapiga mpira ukutani.

"Alipoiona hii," akauliza bila kunitazama, "alisema nini?"

"Alisema mbaya."

"Mbaya?"

"Mbaya, yangu. Halafu akacheka."

"Alicheka?"

"Alicheka mpaka akakohoa. Alikohoa mpaka akacheka."

Akavuta kile kigoda cha wateja, akakaa mbele ya pazia la bluu, mikono juu ya magoti, kamera katikati. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Nisimulie," akasema. "Tangu mlipotoka mlangoni. Na usiongeze chumvi."

Nikafunga mlango wa studio. Nikamwambia kwamba kulikuwa na manyunyu, na kwamba Baba alikuwa mwepesi. Nikaishia hapo kwanza, kwa sababu sikuwa nimewahi kulisema hilo kwa mtu yeyote, na yeye akaningoja.